Kliya wa Zamani Analeta Nini? Somo la Darasani Mbele ya Kaye ya Mama

Kila mutu aliyepita katika formasyo ya vijana wajasiriamali hapa Lubumbashi anaijua ile sentensi. Mwalimu anaandika kwenye ubao: kumtafuta mteja mpya kunakula makuta mingi kuliko kumshika mteja uliye naye. Watu wanatikisa kichwa, wanaandika, kiisha wanaenda kunywa sukre. Miye pia niliandika. Niliibeba ile sentensi mpaka Kipushi, kwa duka ya mama, na ndani ya miezi mitatu nilikuwa nimemfukuza kliya wake muzuri kuliko wote.

Leo nataka kuikosoa ile sentensi. Sisemi ni uongo. Nataka kuuliza ilitoka wapi, ilihesabiwa kwa biashara za namna gani, na inabakia na nini ikifika kwetu, kilometa kama 30 kutoka Lubumbashi, pale mpakani na Zambia.

Kwanza niwaeleze duka yenyewe. Mama alianza na meza moja mbele ya nyumba mwaka 1993. Watu wa Kipushi wanajua ule mwaka una maana gani. Mine yetu, ile Union Minière ilianza kuchimba mwaka 1924 na kuiita Prince Léopold, ilisimama 1993 mikononi mwa Gécamines. Pampu ziliendelea kutoa maji chini kule, lakini zinki na shaba hazikupanda tena. Baba alikuwa mutumishi wa Gécamines. Mishahara ikaanza kuchelewa, bunga ya mposho ambayo wazee walizoea kupata ikawa hadisi, na mwaka 2003, wakati wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines walipoondoka kwa ule mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari, baba alikuwa kati yao. Miye nilikuwa mutoto. Bukari tuliyokula nyumbani ilitoka kwenye meza ya mama.

Ile meza ikawa duka: bunga, mafuta, sukari, sabuni, chumvi, thomson, na chini ya meza kaye moja yenye jalada lililochakaa. Ndani yake kuna majina, tarehe na kiasi cha deni. Ukilipa, mama anapiga mustari juu ya jina. Hiyo njo ofisi yote ya biashara yake.

Nilipomaliza masomo sikupata kazi, kama wengi kati yenu. Nikarudi nyumbani, nikamwambia mama nitaipanga duka kwa namna ya kisasa. Nilifanya mambo matatu. Nilitengeneza karte: ukinunua mara kumi, unapata sabuni moja. Nilipandisha kidogo bei ya bunga, nikijiambia wale wa zamani hawatakimbia kwa sababu wamezoea. Na nilikata deni kwa kila mutu aliyepitisha siku 30.

Tuanze na karte. Watu walizipoteza. Mama mmoja aliitumia yake kuwashia mbabula, na alinieleza bila haya.

Bei je? Hakuna mteja aliyelalamika, na mimi nikafurahi. Nilichelewa kuona kwamba walikuwa wanatuma watoto wachukue chumvi na viberiti kwetu, na mifuko ya bunga ilikuwa inaingia nyumbani kwao kutoka duka nyingine.

Deni ndiyo ilikuwa mbaya zaidi. Jina la kwanza kwenye orodha yangu lilikuwa la papa mmoja, mutumishi wa zamani wa mine, aliyekuwa anachukua bunga kwa mama tangu wakati wa meza. Kila mara analipa, na kila mara anachelewa. Siku moja alipokuja nilimwambia kwa heshima: papa, mara hii haiwezekani. Hakukasirika. Alisema, “Aksanti, mutoto,” akaenda. Mama alikuwa Lubumbashi kutafuta bidhaa. Aliporudi jioni nikamsomea hesabu zangu zote. Alisikiliza mpaka mwisho, kiisha akasema: “Weye unasoma sana. Lakini ule papa ulifukuza, njo yeye alikuwa ananionyesha bantu.”

Sikuelewa siku ile. Nilielewa kidogo kidogo. Yule papa anakaa pale avenue inapoanza, anawaona wote wanaoingia na kutoka. Alikuwa anajua nani amepata kazi, nani amefukuzwa, nani anakunywa mushahara wake kabla ya kufika nyumbani, nani anajitayarisha kuhama usiku. Mutu mugeni alipoomba deni, mama hakumjibu palepale. Alimwambia arudi kesho, na jioni alimuuliza papa. Baada ya yeye kuondoka, ndani ya miezi miwili tulitoa bunga kwa watu watatu ambao hawakurudi kulipa. Wawili kati yao hata hawako tena Kipushi. Na wanakwaya wa kanisa lake, waliokuwa wanachukua sukari na mkate kwetu siku za mazoezi, waliondoka naye.

Basi nikarudi kwenye masomo, safari hii kusoma maandishi yenyewe, maana kabla ya hapo nilikuwa najua tu kile kilichoandikwa kwenye ubao.

Makala iliyoipa nguvu fikra hii ilitoka mwaka 1990 katika gazeti la Harvard Business Review. Waandishi ni Frederick Reichheld, mshauri katika kampuni ya Bain, na W. Earl Sasser, mwalimu wa Harvard. Walisema hivi: ukipunguza wateja wanaokukimbia kwa 5% tu, faida inapanda sana. Kwa matawi ya benki moja, 85%. Kwa wakala wa bima, 50%. Kwa kampuni moja ya magereji, 30%. Mwaka 1996 Reichheld alitoa kitabu kizima juu ya uaminifu wa wateja, The Loyalty Effect.

Soma tena ile orodha polepole: benki, bima, magereji ya Marekani. Hakuna meza ya bunga pale. Hilo peke yake si kosa, kila mutu anahesabu anachokiona. Kosa ni letu siye tunaochukua jibu bila kuangalia mahesabu. Waandishi walitoa sababu kwa nini mteja anayekaa analeta faida zaidi mwaka hadi mwaka. Nizichukue moja moja, nizipeleke kwa kaunta ya mama.

Sababu ya kwanza: kumleta mteja kunagharimu, na ile gharama unalipa mara moja tu. Ni kweli kwa benki, inayolipa matangazo, barua, mawakala, kufungua konti. Lakini kwetu? Mutu anapita njiani, anaona bunga, anaingia. Hatukulipa kitu. Gharama inakuja nyuma, siku anapoomba deni ya kwanza na wewe humjui. Kwa hiyo ile sentensi ya ubao ni kweli hata Kipushi, lakini kwa sababu nyingine kabisa. Mteja mpya anakuwa ghali kwa sababu hatujui atalipa au hatalipa. Na dawa ya kutojua ni wateja wa zamani. Njo maana yule papa alikuwa na thamani ambayo hesabu yangu haikuweza kuiona.

Sababu ya pili: mteja anayekaa anaongeza kununua. Konti ya benki inaweza kukua kila mwaka. Tumbo halikui hivyo. Familia ya watu saba inakula bukari ile ile mwezi huu na mwezi ujao, na ukiwapa karte ya mara kumi hawatakula mara mbili. Karte yangu ilikuwa inawaomba watu wafanye kitu wasichoweza. Kama kuna kitu cha kuongeza, kiko katika mahitaji mengine ya nyumba ile ile, yale ambayo leo wanayapandia gari kwenda kuyatafuta Lubumbashi.

Sababu ya tatu: mteja wa zamani ni rahisi kumhudumia. Nusu kweli. Anajua bei, habishani, hakuli muda wako. Lakini ni yeye pia mwenye haki ya kuomba deni, na deni ina bei yake. Tuhesabu pamoja. Tuseme mufuko wa bunga unaupata kwa dola 20 na unauzisha kwa 22. Kama unauzisha kwa makuta mkononi, na kila juma unarudi Lubumbashi na zile dola 20, kwa mwezi umezizungusha mara nne, umepata dola 8. Ukiutoa kwa deni ya mwezi mzima, unapata dola 2. Ile deni “bila riba” imekukula dola 6.

Miye nilisimama hapo, nikakata deni. Hesabu yangu ilikuwa sawa, lakini ilidai sharti moja ambalo sikulichunguza: kwamba kuna watu wengine wenye makuta mkononi wanaosubiri ile mifuko. Kama hawako, mufuko unalala dukani, panya wanaufurahia, na ile dola 6 haikuwa yako tangu mwanzo. Hapo deni ya mutu anayelipa, hata kama anachelewa, ni afazali kuliko mufuko unaolala. Kwa hiyo kabla ya kusema deni ni mbaya au nzuri, jiulize kinachokukosa ni nini: bidhaa, ao wanunuzi? Kama bidhaa inaisha kabla ya juma kuisha, punguza deni. Kama bidhaa inabakia, chagua watu unaowajua na uwape. Katika duka ya mama jibu linabadilika ndani ya mwezi mmoja: wakati wa mishahara bidhaa inakosekana, siku za katikati wanunuzi wanakosekana. Sheria yangu ya siku 30 ilikuwa moja kwa mwezi mzima, njo maana ilikuwa ya kijinga.

Sababu ya nne: mteja wa zamani analeta wengine. Kweli tupu. Lakini katika muji mudogo kinywa kinacholeta watu njo kile kile kinachowaondoa. Wale wanakwaya sikuwakatalia kitu chochote, na waliondoka.

Sababu ya tano: mteja aliyezoea anakubali kulipa bei ya juu kidogo. Hii njo iliyoniponza, na hapa nakataa wazi. Kwetu mteja wa zamani anangojea kinyume chake: bei ya urafiki, ao nyongeza kidogo juu ya kipimo, ile jirani zetu wa Zambia wanaita mbasela. Na si Kipushi tu. Mwaka 2002, katika gazeti lile lile la Harvard, Werner Reinartz na V. Kumar walitoa matokeo ya kufuata wateja zaidi ya 16,000 wa kampuni nne kwa miaka minne, moja ikiwa ya kuuzisha vyakula Ufaransa. Walikuta uhusiano kati ya kukaa muda mrefu na kuleta faida ni dhaifu kuliko watu walivyodhani, na kwamba wateja wa zamani hawakuwa lazima rahisi kuwahudumia wala tayari kulipa zaidi. Kwa nini makala ya 1990 imefika kwenye ubao wetu na ile ya 2002 haikufika? Nafikiri ni kwa sababu ya kwanza ina namba tamu na inatoa amri. Ya pili inasema: chunguza mteja mmoja mmoja. Hiyo ni kazi.

Kuna kitu kingine ambacho lugha yetu inajua na kitabu hakijui. Mutu wa Dar es Salaam akisema “ninauza bunga,” ana maana anaitoa kwa wengine wamupe makuta. Siye huku, kuuza ni kutoa makuta na kuchukua kintu. Mwenye duka anauzisha: anafanya mutu auze. Ndani ya neno letu mwenye kitendo ni mteja, na sisi tunamsaidia akitende. Miye nilifanya biashara kama Mswahili wa vitabu. Nilijiuliza, nitawapa nini tena hawa watu wa zamani? Swali la mama ni lingine: hawa watu wanashindwa kuuza nini, na kwa nini wanashindwa?

Lakini sitaki kumfanya mama mutakatifu. Ukosoaji wangu unamfikia na yeye. Kaye yake inaandika deni tu. Haiandiki nani amemleta nani, nani aliuliza kitu ambacho hatukuwa nacho, nani hajaonekana tangu mwezi uliopita. Yote hayo yako kichwani mwake, na siku atakapougua, duka itaugua naye. Tena ndugu wa familia wako kwenye kaye na madeni ya miaka, na hakuna anayewauliza, kwa sababu ni ndugu. Deni za kilio pia, zile anazotoa mutu akifiwa, anazipigia mustari bila kulipwa. Zile za kilio ninazikubali. Ni sehemu ya kuishi na watu. Zile za ndugu wenye mishahara sizikubali, na nilimwambia. Alicheka, akasema: “Bale utawalomba weye.” Niliwalomba. Wawili walilipa. Mmoja hanisalimii.

Sasa tunafanya nini? Niliomba musamaha kwanza. Nilienda kwa yule papa na mama, jioni, na mufuko wa bunga kwa deni. Aliuchukua. Hakurudi kuwa kama zamani mara moja, lakini alirudi.

Kiisha tukapanga mambo kidogo tu. Kila deni ina tarehe inayofuata siku mutu mwenyewe anapata makuta yake: mwenye mushahara mwisho wa mwezi, mwenye shamba wakati wa mavuno, mama wa soko kila juma. Kila jina lina kipimo chake cha mwisho, na anayelipa nusu anaweza kuchukua tena nusu. Wale wasioweza kununua mufuko mzima mara moja wanaweka kidogo kidogo kila siku, tunaandika kwenye kaye mbili, moja yetu na moja yao, na makuta yakitimia wanabeba mufuko. Wamezoea likilimba, hivyo hatukuhitaji kuwafundisha kitu. Ila mwenye duka lazima awe na nidhamu: yale makuta si yako mpaka mufuko utoke.

Kitu kilichotuletea zaidi ni cha mwezi wa nane. Mama alijua kwamba kabla ya masomo kufunguliwa mwezi wa tisa, kila familia inatuma mutu Lubumbashi kununua makaye na biki, na kila mmoja analipa gari kwenda na kurudi. Tuliuliza nyumba tunazozijua zinahitaji nini, tukaandika, tukachukua nusu ya bei mbele, na tukaenda mara moja kwa wote. Tulinunua kwa bei ya wingi, hatukubakia na bidhaa iliyolala, na wao walilipa pungufu ya vile wangelipa pamoja na gari. Hatukumpandishia mutu bei. Hatukutafuta mteja mpya hata mmoja, lakini waliletwa na wale wa zamani, na tulijua ni akina nani.

Nawaandikia haya sasa kwa sababu Kipushi imebadilika tena. Mwaka 2024 mine ilianza kutoa zinki upya, baada ya zaidi ya miaka 30. Tunafurahi, nani hatafurahi? Kuna watumishi wageni, kuna makuta mkononi, kuna terrasse mpya. Mudogo wangu anataka tupake duka rangi, tuingize bidhaa za bei, tuache kaye, tuuzishe kwa wale wageni tu. Ana haki kwa sehemu: wakati bidhaa inaisha haraka, deni inapungua, nimeeleza hapo juu. Lakini alipomwambia mama, mama alimjibu: “Mu mwaka ya 1993 mine ilisimama. Nani alikuwa nakuja kuuza kwangu? Bale bale ba mu kaye. Bageni bakienda kwabo, utafungulia nani mulango?”

Kwa mudogo wangu hilo ni woga wa wazee. Kwangu ni hesabu ya miaka 30, na hakuna hata moja kati ya zile makala iliyofuata wateja kwa muda mrefu hivyo katika muji ambao muajiri wake mkubwa alisimama siku moja. Bado tunabishana nyumbani, na rangi hatujapaka.

Kama mama yako iko na duka ao meza, na wewe umerudi na diplome, usianze na karte. Mulombe kaye. Chagua majina matano ya zamani, na mbele ya kila jina mwache mama akueleze: analipa lini, alimleta nani, anajua nini ambacho sisi hatujui, na anaenda kutafuta nini Lubumbashi. Andika majibu kwenye ukurasa mupya, kwa mkono wako. Miye ningeanza na ukurasa ule, yule papa asingekwenda kuuza bunga kwa jirani.